Tulivyokwenda Kumchukua Babu Malaba

Likizo ile ya Agosti wenzangu wa darasa walikwenda Nairobi kupanda lifti za bure, juu na chini, mpaka wakafukuzwa na askari wa mlangoni. Mimi nilikwenda Malaba na mke wangu, kumchukua mume wake wa kwanza.

Mke wangu hakuwa na meno ya mbele, na sigara aliivuta akiwa ameingiza upande wa moto ndani ya mdomo, kama akina mama wazee wengi wa kwetu Butula. Ni bibi yangu, mama mzaa baba. Kikwetu tunasema kukhu. Nilipozaliwa nilipewa jina la babu, na kwetu mtoto akipewa jina la mzee, bibi hamwiti mjukuu tena, anamwita mume. Kwa hiyo tangu kabla sijajua kufunga kaptura nilikuwa mtu mwenye mke, na mke mwenyewe akinidai kuni, akinidai nyama, akiniuliza mbele ya wageni jana nililala wapi.

Mwenye jina alikwenda vita vya Wazungu na Wajapani, akapelekwa Bama, yaani Burma, hakurudi. Mwili haukuja, habari haikuja. Jirani mmoja aliyekuwa naye huko alirudi na kusema tu kwamba walivuka mto wakati wa mvua, na walipofika ng'ambo na kuitwa majina, la babu halikuitikiwa.

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mnakata shina la mgomba, mnalivika nguo yake, mnalizika kama yeye. Lakini aliyekwisha kuzikwa hivyo hana ruhusa ya kurudi. Hata akitokea langoni na buti zake miguuni, haingii. Kukhu alikataa mgomba. Miaka yote alikataa, na kwa sababu hiyo hakuwa mjane wala hakuwa mke. Hakunyolewa. Hakulia hata siku moja, maana kumlilia mtu aliye hai ni kumwua. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeinama kama mlevi aliyekosa ukuta, na mvua ilinyesha ndani sawasawa na nje. Baba alitaka kumjengea ya mabati, wazee wakasema haiwezekani: nguzo ya kati ya nyumba ya mama husimamishwa na mwenye mji, yaani mume, au na mwanawe akishamzika mwenye mji. Sasa huyu wetu alikuwa hayuko huku wala kule.

Mwaka ule, wakati kahawa ya Uganda ikivuka mpaka kwa magunia na jioni tukisikia bunduki upande wa pili, kukhu akasema basi. Atazika, na atalia. "Lakini mimi siziki upepo," akasema. "Kwanza nikamchukue kule serikali ilimweka."

Kule serikali ilimweka ni kwenye jiwe la vita la Malaba. Vita vilipokwisha, Wazungu walijenga nguzo ya mawe karibu na stesheni ya reli, na chifu wa wakati huo akatangazia akina mama kwamba wote ambao hawakurudi, heshima yao iko pale. Wenzake walikwenda kuitazama. Yeye hakwenda, lakini maneno ya chifu aliyashika.

"Kukhu," nikamwambia, "kusema heshima yake iko pale si kusema mtu mwenyewe yuko pale."

"Nyamaza wewe. Mtu na heshima yake wanatembeaga barabara mbili?"

Nilitakiwa kwenda kwa sababu jina huvuta jina. Baba hakupenda, na si kwa kuogopa mizimu. Aliniogopa mimi. Nina kipaji cha kuiga sauti za watu, na muhula ule nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa kujificha nyuma ya ofisi na kumwita hedimasta kwa sauti ya mkaguzi wa shule. Hedimasta alitoka mbio akifunga tai, akasimama uani akimsalimia kuku.

"Ukimletea mama yangu mchezo huko," baba akasema, "usitafute njia ya kurudi hapa."

Tulipata lori. Dereva alikuwa kijana wa Kiislamu wa Busia mjini, ndevu zake bado zinaomba ruhusa, aliyekuwa akibeba chumvi na saruji za duka la mjomba wake. Alikuwa anakwenda Malaba kupakia, na jioni angepita kwetu. Njia nzima kutoka Butula alizungumza: bei ya mafuta, rafiki yake aliyevuka kwenda Tororo na hajaonekana tena, mchumba aliyemtaka pikipiki. Kukhu alikuwa amekaa katikati yetu na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na kopo la Kimbo lililojaa maji ya chemchemi yetu, na shati la kazi ambalo babu aliliacha likining'inia siku aliyoondoka. Shati hilo lilikuwa jepesi kama utando wa buibui. Nilipoomba kulijaribu, alinipiga kwenzi.

Malaba ilikuwa na shughuli zake. Wenye baiskeli walipita na magunia yaliyofunikwa majani ya ndizi ili yaonekane ndizi. Mama mmoja wa Uganda aliyekuwa akiuza vidonge vya simsim na sukari akaniita, "Ssebo, gula," yaani bwana, nunua, nami nikajiona mtu mzima, nikanunua, nikamshukuru, "Weebale, nyabo," na hapo Luganda yangu yote ikaisha. Kukhu akaniuliza kama huyo ndiye mke mwenzake. Nikasema tunajadiliana.

Jiwe lenyewe tulilikuta nyuma ya stesheni, juu ya kichuguu kilichosawazishwa, limezungukwa na mbuzi waliolala. Lilikuwa limenizidi urefu kidogo, na lilikuwa pana kiasi cha kuficha mtu. Zamani lilikuwa na bamba la shaba mbele. Sasa bamba lilikuwa limeng'olewa, yakabaki matundu ya misumari na doa jeupe, na chini yake mtu ameandika kwa makaa.

"Pameandikwa nini hapo?" kukhu akauliza. Hajui kusoma.

"Pameandikwa 'Usikojoe hapa'."

"Mume wangu, leo usinichezee."

"Kukhu, haki ya Mungu, ndivyo palivyoandikwa."

Na ndivyo palivyoandikwa. Hakuniamini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile niliposema kweli na isinisaidie.

Akavua viatu. Akanipeleka upande wa pili wa jiwe, nyuma, ambako hangeniona wala mimi nisingemwona, kwa sababu mwenye jina hasimami mbele ya macho ya anayeita. "Sikiliza vizuri," akasema. "Nitaita. Nikiita wewe usiitike. Leo hilo si jina lako, ni lake. Tutangoja ishara. Pengine ni panzi atue juu ya shati, pengine upepo. Nikishakunja shati, hakuna kuongea mpaka nyumbani, hakuna kugeuka nyuma. Mimi peke yangu nitaongea, na nitaongea na yeye tu. Umesikia?"

"Na nikiitika kwa bahati mbaya?"

"Basi ni wewe nitakayekubeba. Na ni wewe tutakayekuzika."

"Nizikwe na redio basi."

Hakucheka. Alikwenda upande wake. Nilisikia maji yakimwagwa juu ya jiwe, yakatiririka hadi upande wangu, yakanilowesha kidole cha mguu. Ili nisije nikateleza ulimi, nikachukua kidonge cha simsim, kizima, nikakitia mdomoni chote. Kama umewahi kula simsim ya sukari unajua: meno ya juu yakishashika ya chini, unakuwa umefungwa kufuli.

Kukhu akaita. Aliita jina langu, jina la baba yake babu, na la ukoo, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Haikuwa ya kuitia mbuzi wala ya kuniitia uji. Ilikuwa sauti ya msichana aliyesimama kwenye mlango wa nyumba mpya.

Upepo haukuja. Panzi hakuja. Akaita tena.

Na mtu akaitika.

Aliitika kikwetu, neno lile fupi ambalo kila mtu wa kwetu hulitoa akiitwa na watu wa nyumbani, bila kulifikiria. Haikuwa sauti ya mbali, wala haikutoka juu. Ilitoka chini, kimo cha goti langu, karibu sana, sauti ya mtu aliyechoka na mzigo na hataki kuutua. Mbuzi wote waliinuka kwa pamoja. Hawakukimbia. Walisimama wakiangalia mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuwa miguuni pangu, palikuwa kando yangu kidogo, ambako nyasi zilikuwa zimelala.

Nilizunguka jiwe haraka. Kukhu alikuwa amelishika shati kwa mikono miwili, na macho yake yaliponiangukia niliona furaha ndani yake ikitoka na kitu kingine kikiingia. Nilitaka kusema, "Si mimi!" lakini meno yalikuwa yamegandamana, mashavu yamejaa, machozi ya kukabwa yananitoka. Nadhani nilionekana kama mtu anayezuia kicheko. Nilitikisa kichwa. Yeye akashusha macho, akalikunja shati taratibu, mkono juu ya mkono, akalitia kikapuni. Kanuni ilikuwa imeanza. Hangeweza kuniuliza, nami nisingeweza kumjibu.

Tulingoja lori kando ya barabara kama mabubu. Nilikuwa nimeshaitafuna simsim ikaisha, na mdomo wangu ulikuwa huru bila kazi yoyote.

Lori lilipofika kukhu hakupanda. Alinisukuma mimi kwanza, kisha akanirudisha, akafikiri, mwishowe akaketi karibu na dereva, mimi nikakaa mlangoni, na katikati yetu akaacha nafasi ya mtu mmoja. Kikapu akakiweka hapo, kisha akakitoa, akakipakata. Nafasi ikabaki wazi.

"Mama, sogea utanue miguu," dereva akasema. "Kuna nafasi."

Kukhu akanyamaza.

"Boss mdogo, mumegombana na mama?"

Nami nikanyamaza. Dereva alijaribu hadithi ya mchumba wake, ikamfia mdomoni. Tulipoanza kupanda mlima mdogo wa kwanza, kukhu akasema kwa Kiluhya, polepole, akitazama mbele: "Sasa tumeacha Malaba. Tunashika barabara ya Busia. Usishuke mahali." Dereva hakuelewa maneno, lakini aliangalia ile nafasi, kisha akaniangalia mimi, kisha akaanza kunong'ona dua.

Karibu na Alupe polisi mmoja alisimama barabarani akapunga mkono, anataka lifti. Dereva alifunga breki kwa furaha. Nafikiri hata wezi angewabeba. Polisi akafungua mlango upande wangu, akaweka buti moja kwenye kipago, akaingiza kichwa. Alitazama ile nafasi katikati yangu na kukhu. Kisha akashusha mguu.

"Samahani, mzee," akasema, na mkono ukagusa kofia. "Sikukuona."

Akafunga mlango taratibu, akarudi nyuma.

Ndani ya kabini hamkuwa na mzee. Dereva alikuwa hajanyoa ndevu hata mara moja maishani mwake, na mimi nilivaa kaptura ya shule. Dereva alitia gia. Aliendesha mpaka Busia mjini akiwa amejibana mlangoni kwake, na mimi nimejibana kwangu, bega langu likiwa na ganzi upande wa ndani.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kupiga hesabu zake. Nyumbani shimo lilikuwa limeshachimbwa. Kukhu atasema, "Ameitika." Watauliza ameitikaje, na atasema, "Kwa sauti ya mtu, kutoka upande aliokuwa amesimama mume wangu." Wote watanigeukia. Nani duniani angeniamini? Kama ningekuwa baba, nisingeniamini. Na kama ni mimi niliyeitika, basi lile shati lililokunjwa lilikuwa limenikunja mimi. Nilijishika mkono kuona kama bado una joto. Kila nikijiambia ni upuuzi, nilimwona yule polisi akigusa kofia.

Baada ya Mundika tulifika darajani. "Hapa ni mtoni," kukhu akasema kwa ile nafasi. "Huu ni wetu, sio ule. Vuka tu."

Nyumbani jua lilikuwa limeinama. Baba alikuwepo, na baba mdogo, ndugu yake wa kufuata, mtu wa maneno makali, na majirani wachache wenye majembe. Shina la mgomba lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, limekatwa kimo cha mtu. Waliponiona nikiingia, baba mdogo alilitazama, akanitazama, na nikagundua ni kimo changu hasa.

Kukhu aliuvika mgomba lile shati, akafunga vifungo. Ndipo akafungua kinywa.

"Ameitika."

"Nani ameitika?" baba mdogo akauliza.

"Niliita. Akaitika kwa sauti. Mume wangu alikuwa nyuma ya jiwe."

Wote walinigeukia. "Si mimi," nikasema. "Baba, haki ya Mungu. Nilikuwa na simsim mdomoni."

"Huyu?" Baba mdogo akacheka bila kufurahi. "Huyu aliyemtoa hedimasta ofisini kwa sauti ya mkaguzi? Mama, huyu ndiye aliitika! Tukifukia huo mgomba tumefukia mtoto wa watu."

"Mtoto wangu," baba akasema.

"Nasema hivyo hivyo."

Baba alinishika mabega. Sijawahi kuona uso wake karibu vile. "Sema kweli. Sitakuchapa. Ukisema ni wewe, tunautupa mgomba kwenye shamba, mambo yameisha. Ni wewe?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na mimi ningekuwa salama kabisa. Nilimtazama kukhu. Alikuwa amekaa chini kando ya ule mgomba uliovaa shati, mkono mmoja juu ya kifua chake, yaani kifua cha mgomba, na alikuwa akingoja jibu langu kama mtu anayengoja kuambiwa kama anaweza kukohoa. Nikisema ni mimi, atainuka, atarudi kwenye nyumba ile iliyoinama, na atafunga tena mdomo wake mpaka afe.

"Si mimi," nikasema.

"Tungoje Disemba, mama," baba akasema. "Tufikirie."

"Nimengoja." Kukhu akainuka. Alikwenda mtungini, akachota maji kwa kata, akaniletea. "Jaza mdomo. Usimeze, usiteme."

Nikajaza. Maji ya mtungi wake ni baridi hata Januari, meno yaliniuma. Akanisimamisha ukingoni mwa shimo, mbele ya wote, mashavu yangu yamevimba kama chura. Mgomba ukashushwa. Kisha kukhu akainama akaita: jina, baba wa jina, ukoo. Kila mtu alikuwa akitazama koo langu.

Hakuna aliyeitika. Kuku wenyewe walikuwa wamenyamaza.

"Unaona?" baba mdogo akasema. "Amefungwa mdomo, na sauti imekufa. Ilikuwa yake."

"Mtu akishaingia kwake," kukhu akasema, "anaitika tena kwa nini?"

Wote wawili walikuwa na haki. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na hapakuwa na mzee wa kuyaamua, maana mwenye mji alikuwa ndani ya shimo au alikuwa ukingoni na maji mdomoni. Kukhu alikuja mbele yangu. Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu.

"Ulinijibu wewe?"

Sikuwa na mdomo wa kufanyia chochote. Sikuwa na sauti ya hedimasta wala ya mkaguzi. Nilitikisa kichwa, mara moja, na nikamwacha anitazame mpaka achoke.

"Mfunikeni," akasema.

Jembe la kwanza ni la mwana wa kwanza. Baba alilishika na hakulitumia. Alinitazama juu ya lile shimo, na mimi nilimtazama, na niliona midomo yake ikisema kitu bila sauti, nadhani ni jina langu. Kisha akasukuma udongo. Ulipogonga shina ulitoa mlio mzito, na mimi nikasikia kitu kifuani kwangu kikigongwa, au nilidhani nimesikia.

Kukhu akalia. Hakuanza kidogo kidogo kama watu wanavyoanza. Kilitoka kizima, kilio cha miaka yote, kirefu, mpaka akina mama wa ng'ambo ya bonde wakakiitikia na kuanza kuja mbio wakifunga leso njiani, bila kujua nani amekufa. Alijitupa juu ya udongo. Baba mdogo mwenyewe aliyekuwa akibisha alivua kofia, akageuka akaegemea ghala. Walimshika kukhu, akawashinda nguvu. Alimwambia babu mambo mengi, mengine ya aibu, mengine ya kuchekesha. Alimwambia kuhusu paa.

Mimi nilibaki nimesimama. Hakuna aliyekumbuka kuniambia niteme. Nilikaa vile mpaka udongo ukawa tuta, mpaka akina mama wakajaa uani, mpaka giza likaanza kuingia kati ya migomba. Ndipo nikayameza.

Yalikuwa baridi vilevile, kama yametoka mtungini sasa hivi.